Fulana ya kushtua moyo ivaliwe usiku na mchana

Mhariri,

Fulana yenye difibrileta, yaani kifaa kinachoushtua moyo kwa umeme ili urudie mapigo yake, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa watu wazima, na 2015 kwa watoto. Humlinda mgonjwa anayesubiri kupandikizwa kifaa kama hicho kifuani, au aliyetolewa chake kwa sababu ya maambukizi. Miongoni mwao wamo waliorithi unene wa misuli ya moyo au hitilafu ya umeme wake.

Ivaliwe juu ya ngozi tupu, chini ya nguo zote. Vihisio vinne husoma mapigo. Pedi tatu, mbili mgongoni na moja mbele, hutoa mshtuko. Ikilegea, vihisio husoma msuguano wa nguo, kengele za uongo zinalia usiku kucha, mgonjwa anachoka na kuivua. Fulana iliyotundikwa msumarini haimwokoi mtu. Ivuliwe wakati wa kuoga tu, na mtu awepo karibu. Betri ni mbili: moja kazini, nyingine kwenye chaji, zikibadilishana kila siku.

Mapigo yakiharibika, kifaa hutetema kisha hulia. Mgonjwa mwenye fahamu hubonyeza vitufe kuzuia mshtuko. Ni yeye peke yake! Ndugu akimbonyezea kwa huruma, anazuia tiba ya mtu aliyezimia. Asiguswe kifaa kinapotangaza mshtuko. Jeli ya buluu hutoka kwanza kukinga ngozi.

Fulana haiuendeshi moyo uliosimama kabisa. Mgonjwa asipopumua na kifaa kikawa kimya, familia ianze kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akiita gari la wagonjwa.