Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii, Kaunti ya Nakuru: bwawa la maji moto lianze na vipimo

Mheshimiwa,

Kila inapotajwa mipango ya mabwawa ya kuogea ya maji moto katika milima ya volkano ya Eburru au Menengai, mji wa Bath kule Uingereza, wenye mabwawa ya aina hiyo, hutolewa mfano. Basi utolewe mzima.

Warumi walianza kujenga mabwawa pale takriban mwaka 70 BK. Chemchemi hutoa zaidi ya lita milioni moja kwa siku, nyuzi 46 hivi, na bwawa kuu lenye kina cha mita 1.6 walilitandika mabamba ya madini ya risasi. Mtaro wao hadi leo unapeleka maji mto Avon. Ufundi huo si wa kubeza. Lakini mwaka 1978 msichana aliyeogelea katika maji ya chemchemi hiyo alifariki kwa ugonjwa wa ubongo ulioletwa na amiba, kijidudu cha seli moja. Kuoga kukapigwa marufuku. Vikachimbwa visima vya kuchota maji chini zaidi, yasiyochafuka, na umma haukurudi majini hadi 2006.

Amiba huyo hamdhuru anayeyanywa maji. Hupandia puani mtu akipiga mbizi, na hushamiri kwenye maji ya uvuguvugu. Klorini humuua, ila maji moto ya Bonde la Ufa mengi yana magadi, nayo hupandisha pH, yaani kipimo cha uasidi au umagadi wa maji. pH ikifika 8.5, klorini yenye makali hubaki kama sehemu moja kwa kumi: mhudumu anapima, anasoma kiwango kizuri, kumbe dawa imelala. Jua na joto nazo huimaliza upesi. pH ishushwe kwanza iwe kati ya 7.2 na 7.8, ndipo klorini ipimwe, tena mara kadhaa kwa siku.

Maji ya kisima cha mvuke, kilichochimbwa kufuata joto la ardhini, yasimiminwe bwawani. Yakipoa, silika yake, madini kama ya mchanga, huganda na kuziba mabomba. Yapitishwe upande mmoja wa mabamba ya chuma, maji safi upande wa pili yapokee joto, kisha ya kisima yarudishwe ardhini. Yakimwagwa ovyo, floridi, madini yanayotia meno rangi, itaongezeka katika maji ya kunywa, na meno ya kahawia Nakuru tunayo ya kutosha.

Kuta za jengo la bwawa ziachwe wazi chini ili gesi itoke. Gesi ya sumu inayonuka yai viza, itokayo kwenye maji moto, ni nzito kuliko hewa, na ikizidi pua huacha kuisikia.

Kabla ramani haijatiwa sahihi, tunaomba vipimo vya pH, floridi, silika na aseniki (sumu ya ardhini), vya kiangazi na vya masika, vibandikwe hadharani. Pia itajwe ni afisa wa cheo gani atakayefunga bwawa klorini ikishuka chini ya miligramu 1 kwa lita, bila kusubiri ruhusa ya meneja.

Wako,
Mafundi wa maji, Nakuru