Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Ufungaji wa Seva kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu, wazazi na walezi wetu,
Mabibi na mabwana,

Tunakushukuru, Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kutusikiliza. Raki uliyoonyeshwa ulipokuwa ukiingia, yaani lile kabati la chuma la kupangia seva (kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine), yenye mlango wa matundu na taa za kijani zinazopepesa, ndiyo iliyokuwa mtihani wetu wa mwisho. Tunaomba kupitia risala hii tukueleze kwa nini ilituchukua siku tatu kuijaza, ilhali kwa macho inaonekana kuwa kazi ya bisibisi na asubuhi moja tu.

Mgeni Rasmi, tulipoanza mafunzo haya wengi wetu tuliamini kwamba hatari ya kazi hii ni umeme. Umeme ni hatari kweli, lakini uzito humfikia fundi kabla ya umeme, kwa kuwa vifaa hubebwa kwanza ndipo vikawashwa. Seva ya uniti mbili (uniti ni kipimo cha kimo cha kifaa ndani ya raki) iliyojaa diski huweza kufika kilo 30, na UPS, kifaa cha umeme wa akiba, pamoja na betri zake huizidi. Raki iliyosheheni hubeba mamia ya kilo, ni ndefu kumshinda mtu, na mara nyingi upana wake ni sentimita 60 tu.

Jambo hilo tulilielewa vizuri katika wiki ya pili. Kikundi kimoja kilivuta seva mbili nje kwa wakati mmoja ili kuzilinganisha, katika raki ambayo tulikuwa bado hatujaifunga miguu ya kuizuia isipinduke. Sehemu ya nyuma iliinuka kutoka sakafuni, na mwalimu akaiwahi kwa bega. Hakuna aliyeumia, na kosa lilikuwa letu. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kukumbushwa kwamba kifaa kinachovutwa nje kwenye reli zake za kuteleza ni kimoja, na cha pili husubiri hadi cha kwanza kirudishwe ndani.

Kwa sababu hiyo kazi yetu huanzia sakafuni. Tunaweka pimamaji juu ya raki, tunarekebisha miguu mpaka isimame wima, kisha tunaifunga kwenye sakafu au kuiunganisha na raki jirani kabla ya kufungua boksi la kwanza. Vifaa vizito, UPS ikitangulia, hukaa chini kabisa, nasi hupanda kuelekea juu. Seva hatuinyanyui ikiwa imejaa: tunachomoa pawa saplai (visanduku vinavyoipa seva umeme) na diski, na kila diski tunaiandika namba ya nafasi yake, maana diski zikirudishwa ovyo mpangilio wa data unaweza kuvurugika. Tunanyanyua wawili, kwa kushika ganda la seva lenyewe, kwa kuwa vishikio vya pawa saplai vimetengenezwa kwa ajili ya kuvutia pawa saplai tu na haviwezi kubeba mashine nzima.

Mahali palipotutesa zaidi, na ambapo hapana hatari yoyote ya kuonekana, ni matundu ya nguzo za raki. Bamba la mbele la kifaa lina upana wa inchi 19, na uniti moja ina kimo cha milimita 44.45 na matundu matatu. Matundu hayo hayakuachana kwa usawa: kutoka tundu la kwanza hadi la pili, na la pili hadi la tatu, ni milimita 15.9, lakini kutoka la tatu hadi la kwanza la uniti inayofuata ni milimita 12.7. Yale mawili yaliyokaribiana ndiyo yanayoonyesha mpaka wa uniti. Asiyelijua hilo hufunga reli ya mbele mahali pake na ya nyuma tundu moja juu zaidi, seva ikainama, ikakwama katikati ya safari, na watu wawili wakabaki wameishikilia hewani huku wa tatu akihesabu matundu upya. Sasa tunahesabu kwanza, tunaweka alama mbele na nyuma, na seva inapoingia tunasikiliza kufuli za reli zilie pande zote mbili. Ukilia upande mmoja tu, hatuachii. Kuhusu zile nati ndogo za kubana zinazokaa katika matundu ya mraba, tuseme tu kwamba plasta unazoziona vidoleni mwetu leo ni za wale waliodharau kifaa chake cha kuzipachikia.

Upande wa umeme, raki hupata waya wa ethi kabla ya kifaa chochote kuwashwa. Seva yenye pawa saplai mbili huunganishwa kwenye njia mbili tofauti za umeme, na kila njia hubebeshwa chini ya nusu ya uwezo wake, ili moja ikikatika iliyobaki isizidiwe. Tumezoea pia kuvaa mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli. Mtu huanza kuhisi cheche yake ikifika karibu volti 3,000, wakati baadhi ya sehemu za kompyuta huharibika chini ya volti 100. Yaani fundi anaweza kuua kifaa bila kuhisi lolote. Na UPS hata ikichomolewa ukutani bado ina umeme ndani yake, hivyo pete na saa huvuliwa.

Hewa baridi huingilia mbele na ya moto hutokea nyuma, kwa joto linalopendekezwa la nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi mbele ya vifaa. Uniti zilizobaki wazi tumeziziba kwa vibati, kwani hewa ya moto ikipata upenyo hurudi mbele.

Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio hayo, tunayo maombi mawili. Chuo hakina mashine ya kunyanyulia seva, kwa hiyo vifaa vinavyofungwa juu ya usawa wa mabega tumevipandisha kwa mikono ya watu wanne, jambo ambalo mwalimu wetu aliliruhusu kwa shingo upande. Tunaomba utusaidie kupata mashine moja, hata iliyokwisha kutumika.

Ombi la pili halina gharama ya kununua kifaa. Wewe ni miongoni mwa wanaoidhinisha kazi za namna hii, na mara nyingi fundi hutumwa peke yake usiku, akiambiwa mfumo uwe umewaka kufikia asubuhi. Tunaomba kila hati ya kazi utakayoitia saini iandikwe idadi ya watu kulingana na uzito wa kifaa, isipungue wawili, na iachie muda wa kufunga raki sakafuni kabla ya saa ya kuwasha haijaanza kuhesabiwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu