Majina ya mafundi yaandikwe kwenye hoteli za Mji Mkongwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe jambo ambalo nimekaa nalo moyoni tangu Ramadhani iliyopita.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa milango ya nakshi. Miaka ya 1990, nyumba nyingi kongwe za Mji Mkongwe zilipoanza kutengenezwa ziwe hoteli, alipata kazi kwenye nyumba moja ya ghorofa tatu upande wa Shangani. Mlango wake mkubwa ulikuwa umeingiwa na mchwa. Ubao mmoja wa mlango, unaoitwa mlango dume, ulikuwa mzima; ubao wa pili, mlango jike, umekuwa unga. Akatakiwa achonge jike jipya lifanane na dume lililobaki, mtu akipita asijue lipi la zamani na lipi la jana.

Kazi ile ilichukua miezi minne, uani kwetu Kwahani. Mimi nilikuwa na miaka 11, nazoa maranda na kunoa patasi. Nikimtazama baba, kabla ya kuanza kila ua, anafumba macho na kupapasa ua lile lile kwenye ubao wa zamani, polepole, kama mtu anayesoma kitu. Akishajua kina chake ndipo anaposhika nyundo. Alikuwa akinieleza: huu mnyororo ni ulinzi wa nyumba, huyu samaki ni riziki, huu mtende ni neema. Alipomaliza hakuandika jina. Kuandika jina lako kwenye mlango wa mtu aliona si adabu. Alichonga mwezi mchanga tu, mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, upande wa ndani, chini kabisa karibu na kizingiti.

Ramadhani hiyo mwanangu alipewa kazi skuli ya kuandika habari za nakshi za Zanzibar. Jioni moja baada ya futari nikamchukua twende akauone mlango wa babu yake. Mlinzi akatuuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia tumekuja kuangalia mlango. Akasema, "Si huo mmeshauona? Ndani ni kwa wageni." Mwanangu akanivuta mkono turudi. Mlinzi simlaumu, ameajiriwa kwa kazi hiyo. Lakini nilisimama pale nikijua kwamba nusu ya mlango ule ilitoka uani kwetu, na iliyoniuma zaidi ni kwamba mtoto aliona haya.

Bahati njema akatoka msichana wa mapokezi, kwa lafudhi yake Mpemba, akatuambia, "Karibuni baba, piteni." Tukapita.

Wengi wetu tuliokulia Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, hatujakanyaga ndani ya nyumba hizi, ndiyo maana nataka niseme kilichomo. Ukumbi ni mrefu na mwembamba, kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, na waliojenga walifuata urefu wa mti waliokuwa nao. Kwenye kuta za matumbawe na chokaa mna zidaka, vishubaka vya kuwekea vitu, zilizopangwa safu kwa safu, na kila kidaka kina ukingo uliokatwa kwa mkono wakati chokaa bado mbichi. Pembeni limewekwa kasha la njumu za shaba. Ngazini mna vioo vya rangi, kijani na chungwa, na taa ya nje ikipiga rangi zinaanguka kwenye sakafu. Juu, kwenye mkahawa, zimetundikwa picha za rangi za mtindo wa Tingatinga. Mwanangu alikuwa ameshasahau haya zake, anauliza hiki nini na hiki nini.

Kisha akakiona kibao ukutani. Kimeandikwa kwa lugha tatu. Kinamtaja mfanyabiashara aliyejenga nyumba, kampuni iliyoikarabati, na hata mtu aliyechagua vitambaa vya mito. Mtoto akakisoma mara mbili. Akaniuliza, "Jina la babu liko wapi?"

Ndugu Mhariri, swali hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Tangu siku hiyo, kila nikipata nafasi Ijumaa, napita nyumba hizi moja moja na kusoma vibao vyake. Mambo Msiige, ambayo leo ni sehemu ya hoteli kubwa pale Shangani, kila mtu anajua ilijengwa na Sheikh Salim bin Harith katikati ya karne ya 19, na jina lenyewe linatangaza kwamba kazi ile haiigiki. Kazi ya mikono ya nani? Nyumba ya Hurumzi iliyogeuzwa hoteli, ambayo wageni wanapanda kula chakula cha usiku darini, tunaambiwa ni ya Tharia Topan, tajiri wa forodha. Huyu ndiye pia aliyeweka msingi wa ile dispensari yenye roshani za nakshi karibu na bandari, mwaka 1887. Hata Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu, iliyofunguliwa 1883 na sehemu yake kuporomoka tarehe 25 Disemba 2020, tunajua ni ya Sultan Barghash. Milango yake ina aya za Qur'ani zilizochongwa kwa ustadi unaomfanya mtu anyamaze. Sijapata kusikia jina hata moja la aliyeshika patasi.

Mtu ataniambia ndivyo desturi ilivyokuwa, fundi hajitaji. Ni kweli, na baba yangu aliishi hivyo. Lakini tazama zile picha zilizotundikwa mkahawani. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye mbao nyembamba za mraba, kwa rangi ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi, akafa. Hakuchora zaidi ya miaka minne. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima, na sababu mojawapo ni kwamba alikuwa akiliandika kwenye picha zake. Fundi wa mlango anayechonga miaka 40 anaacha kazi ambayo wageni wanaipiga picha kila siku, na watoto wake mwenyewe wanazuiwa mlangoni.

Wenye hoteli nawaomba kitu kisicho na gharama kubwa. Kibao kidogo kando ya mlango, kasha au ukuta uliotengenezwa miaka hii ya karibu, ambao fundi wake bado anakumbukwa: jina lake, mtaa wake, mwaka. Kama ni kazi ya zamani na jina limepotea, iandikwe basi aina ya mti na ilichongwaje, mgeni ajue kwamba kuna mtu aliyeifanya. Ile Mamlaka ya Mji Mkongwe iliyoanzishwa 1985, inapotoa ruhusa ya ukarabati, iweke sharti hilo kwenye karatasi za ruhusa. Na iwepo saa moja kwa wiki, hata asubuhi wageni wakiwa baharini, ambapo mtoto wa skuli anaweza kuingia kwenye ukumbi akiwa na daftari lake bila kuulizwa anakwenda wapi. Zamani mgeni alisubiriwa na baraza, kile kiti cha mawe cha kukalia, hapo hapo mlangoni.

Na sisi wenyeji tuingie. Vaa nguo yako nzuri, agiza chai, kaa, tazama juu. Dari za Mji Mkongwe zina mengi kuliko unavyodhani.

Nilimuonesha mwanangu ule mwezi. Nilichutama, nikamshika kidole nikakipitisha pale chini. Yule msichana wa mapokezi naye akachutama. Akasema amefanya kazi pale miaka sita na hakuwahi kuuona.

Ninalo daftari lenye majina ya mafundi watano waliofanya kazi na baba, na nyumba walizozichonga kadiri nilivyokumbushwa na wazee. Meneja yeyote atakayelitaka, nitampelekea. Wawili kati yao wako hai. Mmoja haoni tena, lakini ukimpeleka mbele ya mlango akaupapasa, anakwambia ni mkono wa nani. Ana miaka zaidi ya 80, na asubuhi ndiyo huwa na nguvu.

Mtoto wa fundi,
Kwahani, Zanzibar