Stelingi Akifa, Muacheni Afe

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeona nikujibu kwa maandishi, tena hadharani, kwa sababu ubishi wetu ulikatika kabla sijafika nilikokuwa nakwenda, na wote waliokuwepo wakatawanyika na neno lako masikioni. Ulisema tamthilia nzuri haina haja ya kuisha. Ukasema wahusika tuliowazoea wamekuwa ndugu, na hakuna anayeomba ndugu zake waondoke. Watu wakakuitikia. Mimi sikukuitikia, na nataka ujue kwa nini.

Ndugu anaishi hata usipomtazama. Mhusika hana maisha mengine zaidi ya yale unayoyaona. Yupo kwa sababu kuna kitu anakitaka na kuna kitu kinamzuia, na sisi tumekaa hapo tuone kama atakipata na kitamgharimu nini. Jibu likishatoka, kazi yake imekwisha. Ukimng'ang'ania, mwandishi anabakiwa na njia moja tu: kumsahaulisha kila alichojifunza ili ajifunze upya. Umeshaiona hiyo mara nyingi kuliko mimi. Mlevi anaacha pombe msimu wa pili, anairudia wa nne, anaiacha tena wa sita, na kila mara wanatupigia muziki ule ule wa huzuni wakitegemea tushtuke.

Chukua Prison Break, maana ni wewe uliyenionyesha. Mtu amehukumiwa kifo, mdogo wake mhandisi, Michael, anaingia gerezani kwa makusudi akiwa amejichora ramani ya jengo mwilini. Swali ni moja: watatoka au hawatoki? Msimu wa kwanza ulianza 2005, ukawa na sehemu 22, na karibu kila sehemu ilikuwa na kazi yake. Tulijua ukuta upi unafuata, bomba lipi, mlinzi yupi wa kuogopa. Wakatoka. Pale pale hadithi ilikuwa imejibu swali lake, lakini kituo kilikuwa na mafanikio mkononi na hakikutaka kuyaachia. Basi wakakimbizwa msimu mzima, na msimu wa tatu Michael akatafutiwa gereza jingine, huko Panama, ili aanze upya kutafuta pa kutokea. Mwaka 2009 wakamuua. Tulimlilia, na alistahili kuliliwa. Mwaka 2017 wakamrudisha, mzima, ndani ya gereza jingine tena.

Wewe ulifurahi. Mimi nilihisi nimedhulumiwa, na mpaka leo sijapoa. Kifo chake ndicho kilichokuwa kimeyapa uzito yote yaliyotangulia, hata yale magereza ya kuongezea. Walipokifuta, walifuta na uzito wake.

Haya mambo hayajitokezei tu. Kwa miongo mingi vituo vikubwa vya Marekani viliagiza sehemu 22 hivi kwa msimu, na faida nono haikuwa kwenye kurusha mara ya kwanza bali kwenye kuuza marudio kwa vituo vingine. Mnunuzi wa marudio alitaka mzigo wa kutosha kurusha kila siku, na kipimo kilichozoeleka kikawa sehemu 100. Ndiyo kusema mwandishi mwenye hadithi ya sehemu 30 alikuwa na hasara mkononi, hata kama hadithi yenyewe ilikuwa imetimia. Urefu ule unaouita ukarimu kwa mtazamaji ulipangwa kwenye vitabu vya hesabu kabla mtu hajaandika neno.

Ndiyo maana nawaheshimu waliotengeneza Lost, ingawa mwisho wao unawagombanisha watu hadi leo. Kufika msimu wa tatu walikuwa wanazunguka mahali pamoja. Kuna sehemu nzima inayotueleza mhusika mkuu, Jack, alikochorwa tatuu zake, jambo ambalo hakuna mtazamaji aliyewahi kuliuliza. Halafu Mei 2007, tamthilia ikiwa bado inatazamwa na mamilioni, wakuu wake Damon Lindelof na Carlton Cuse wakakubaliana na kituo cha ABC na kutangaza tarehe ya kumaliza: misimu mitatu zaidi, mifupi kuliko ya mwanzo, mwisho 2010. Rudi ukaitazame baada ya tangazo hilo. Mwendo umebadilika. Watu wanakufa na hawaamki, siri zinafunguliwa, kila mtu anaonekana anajua anakokwenda. Hata kama hukupenda walikofika, huwezi kukataa kwamba walianza kutembea siku walipojua safari ina kikomo.

La Casa de Papel ilifuata njia ya kinyume, na hapa naomba usikasirike. Mwaka 2017 ilitengenezwa kwa kituo cha Antena 3 cha Hispania ikiwa na mwisho wake: sehemu 15, wizi mmoja, kundi moja. Netflix ikaichukua, ikaikata upya kuwa sehemu 22 fupi fupi, dunia ikaipenda, na wezi waliokwisha kutoroka na mabunda yao wakaitwa kazini tena, safari hii Benki Kuu. Ikaburuzwa hadi Desemba 2021. Sisemi hayo ya baadaye hayana kitu; kifo cha Nairobi (wezi wale wanaitwa kwa majina ya miji) kinauma kweli. Lakini mwizi Berlin, aliyebaki nyuma kwenye handaki ili wenzake watoke, hakuachwa apumzike. Wakamrudisha kwa kumbukumbu, msimu baada ya msimu, na mwishowe wakampa tamthilia yake mwenyewe. Mtu alijitoa mhanga na hakupewa hata nafasi ya kukosekana.

Kwenye filamu hali ni mbaya zaidi. Hugh Jackman alimcheza Wolverine, shujaa wa filamu za X-Men, kuanzia 2000, na mwaka 2017 ikatoka Logan, ambayo naishikilia kuwa filamu bora kuliko zote za mashujaa wa aina hiyo. Mzee, mgonjwa, majeraha hayaponi tena kama zamani, anakufa akimwokoa mtoto. Ni filamu iliyokuwa na ujasiri wa kusema kwamba nguvu zina mwisho. Mwaka 2024 ikaja Deadpool & Wolverine, na inaanza kwa kumfukua yule marehemu na kuigeuza mifupa yake kuwa silaha. Najua ulicheka. Mimi sikuweza kucheka. Utaniambia aliyerudi ni Wolverine mwingine, wa ulimwengu mwingine. Hapo hapo ndipo penye ugonjwa. Ukiwa na ulimwengu usio na idadi, kila kifo kinakuwa likizo. Star Wars ilishamrusha mfalme mwovu Palpatine shimoni mwaka 1983, na mwaka 2019 akarudi bila maelezo yanayoeleweka.

Matokeo yake tunayaona wenyewe. Stelingi anaanguka, anatoa pumzi ya mwisho, na aliyekaa kando yako haombolezi. Anahesabu: mkataba wa huyu unaisha lini, wametangaza filamu gani za mwaka ujao. Tumezoeshwa kutoyaamini machozi yetu, na sioni kitu kibaya zaidi ambacho sanaa inaweza kumfanyia mtu.

Siku ile uliniuliza kuhusu Game of Thrones, ukidhani umenifunga mdomo. Ile iliisha, ukasema, na mwisho wenyewe ulituumiza. Si bora ingeendelea? Kwanza, tazama ilivyoishia. Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja, wa saba ukapata 7, wa nane ukapata 6. Kitabu cha tano katika mfululizo wa George R. R. Martin, ambao tamthilia iliutegemea, kilitoka 2011, mwaka ule ule tamthilia ilipoanza, na cha sita hakikutokea kuwaokoa. Kwa hiyo waliokuwa wakitembea kwa hatua za kitabu wakaanza kukimbia bila ramani. Malkia Daenerys kuuteketeza mji mkuu, King's Landing, halikuwa wazo baya. Mbegu zake zilipandwa mapema sana. Kilichokosekana ni muda wa kuona zinavyoota. Pili, na hili ndilo ninalotaka ulipime: zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi la kutaka msimu wa nane utengenezwe upya. Kama mwisho hauna maana, kama utamu wote uko njiani, ile hasira ilitoka wapi? Watu wale walikuwa wamefurahia miaka mingi, na sehemu chache zikawafanya wasitamani hata kurudi kuitazama. Mwisho hugeuka nyuma na kuyagusa yote.

Tena usidhani nagombana na urefu. M*A*S*H, tamthilia ya madaktari wa jeshi la Marekani huko Korea, ilirushwa kuanzia 1972 hadi 1983, muda mrefu kuliko hata Vita vya Korea vyenyewe, vilivyopiganwa kuanzia 1950 hadi 1953. Lakini walipoamua kumaliza walimaliza kweli: vita vikaisha, watu wakaagana, wakaondoka. Zaidi ya watu milioni 100 waliitazama sehemu ile nchini Marekani. Kwa upande mwingine kuna Fawlty Towers ya BBC, sehemu 12 tu, 6 za mwaka 1975 na 6 za 1979, na bado inachekesha. Urefu ni wa hadithi yenyewe kuamua.

Na hapa nina neno kwa niaba ya dada yako. Mnamcheka mama kwa sababu ya telenovela zake, eti ni za machozi na makofi, eti kila mtu ana pacha aliyepotea. Sawa, zina mapungufu yake. Lakini telenovela ya Amerika ya Kusini huanza ikijua kwamba itaisha. Inaweza kwenda sehemu 120 au zaidi, lakini kuna siku ya mwisho, uwongo utafichuliwa, na mwovu atalipa. Mama huvumilia miezi kwa sababu ahadi hiyo hutimizwa. Linganisha na zile za Marekani za mchana. Guiding Light ilianza redioni 1937, ikaingia kwenye televisheni 1952, ikazimwa 2009. Miaka 72! Kuna waliozaliwa, wakazeeka na kufa wakisubiri mambo yatulie. Kati ya nyinyi wawili, mama ndiye mtazamaji mwenye busara zaidi, na nimefurahi kuliandika hili mahali ambapo ataliona.

Ninayoipigia mfano siku zote ni Breaking Bad. Sehemu ya kwanza kabisa, mwalimu wa kemia, Walter White, anaambiwa ana saratani ya mapafu. Kifo kimewekwa mezani mapema, na kila anachofanya kinapimwa kwa saa hiyo inayokimbia. Sehemu 62, kuanzia 2008 hadi 2013. Ya kwanza haikufikisha watazamaji milioni 2 Marekani. Ya mwisho ilipita milioni 10. Yaani walifunga duka siku ambayo wateja walikuwa wengi kuliko wakati wowote. Unajua ushawishi wa pesa unaokaa kwenye kiti hicho? Vince Gilligan, aliyeibuni, akasimama. Ndiyo, baadaye ikaja Better Call Saul, lakini ile ilikwenda kumchimba mtu mwingine, nayo ikaisha. Walter White hajafufuka.

Kuna dhuluma ya upande wa pili pia, nayo inaniudhi vilevile: hadithi kuuawa ikiwa tumboni. Walioandika Dark, ile ya Kijerumani iliyomaliza fumbo lake lote kwa misimu mitatu, wakaja na tamthilia nyingine iitwayo 1899. Waliipanga iwe misimu mitatu. Januari 2023 ikakatwa baada ya mmoja. Waliothibitisha kwamba wanajua kumaliza ndio walionyimwa nafasi ya kumaliza, huku zilizokwisha kusema kila kitu zikiongezewa mwaka juu ya mwaka. Anayeamua hatazami hadithi. Anatazama wangapi walibonyeza na wangapi walifika mwisho.

Na wanaobonyeza ni sisi. Wewe mwenyewe ulikiri kwamba ile unayoifuatilia sasa ilishaharibika misimu minne iliyopita, ila unaendelea "kwa sababu nimeshawazoea." Kwa mwenye mamlaka, saa zako za mazoea na saa zako za mapenzi ni saa zile zile. Kila ukibonyeza unamwambia aongeze. Iache, mjomba. Iache katikati ya msimu, bila kusoma muhtasari wa yaliyobaki.

Jioni hizo zikibaki wazi, tafuta Chernobyl ya 2019, ile ya ajali ya kinu cha nyuklia. Sehemu tano tu. Utapenda namna wanavyoiacha hofu iingie polepole kuliko mlipuko wenyewe, na utampenda naibu waziri mkuu Shcherbina kuliko unavyotarajia mwanzoni. Ila ukifika mahakamani, sehemu ya mwisho, uwe macho: mwanasayansi Legasov wa kweli hakuhudhuria kesi ile. Watengenezaji walimpeleka pale ili hadithi yao ipate pa kuishia. Mimi nasema walifanya sawa, na nina sababu zangu. Itazame kwanza, halafu unipigie unipinge.