Noeli njema, mama mwenye mashine iliyofunikwa

Heri ya Noeli kwako mama wa Ibanda, wa Kadutu, wa Bagira, mwenye mtoto mgongoni na mwingine anayevuta kikwembe akitaka kubebwa naye. Mwaka umekuwa mzito hapa Bukavu. Pesa imetafutwa kwa jasho, usalama umeombewa kila jioni, na bado watoto wanadai nguo ya Noeli kama kawaida yao. Mungu akulipe kwa kila sahani uliyoijaza.

Salamu hizi zinamtafuta hasa yule aliyejua kushona kabla ya kuolewa. Mimba ya kwanza ikaja, ya pili ikafuata, na mashine ikageuka meza ya kurundikia nguo zinazosubiri kufuliwa. Wapo pia walioacha kuchora, na walioacha kutunga nyimbo za kwaya. Nao tutawafikia, lakini tutakaa zaidi kwenye mashine, kwa kuwa chuma kilichoachwa hakina subira.

Kwanza tumalize neno linalowasumbua wengi kimoyomoyo: kwamba mama akitamani kazi ya mikono yake mwenyewe anamwibia mtoto, au anapenda dunia. Soma Noeli yenyewe. Katika Luka 2:7, baada tu ya kuzaa, Maria anamvika mtoto nguo za kitoto kwa mikono yake, kisha ndiyo anamlaza horini. Kitambaa kimetangulia hata wachungaji. Katika Kutoka 35, hema ya Mungu inajengwa, na wanawake wenye ustadi wanasokota nyuzi kwa mikono yao na kuzileta. Na huko Yafa, Matendo 9, Dorkasi amekufa, wajane wanalia, na wanachomwonyesha Petro ni nguo alizokuwa akizishona alipokuwa pamoja nao. Anayekuambia kwamba ufundi wako ni mambo ya usichana yaliyopita, mpe aya hizo tatu azisome taratibu.

Sasa tuongee kazi.

Usipokee kitambaa cha mtu mwingine Desemba hii. Tunasema hivi kwa kuwa ndipo wengi wanaporudi na kuvunjika moyo mara ya pili. Ateliye zote, yaani karakana za mafundi wa kushona, zimejaa, jirani anasikia mashine yako inalia, analeta yadi 6 anazotaka kuvaa kwenye misa ya usiku. Wewe mkono bado mzito, mtoto anaota meno, umeme umekatika, pasi ya makala imedondosha jivu kwenye nguo nyeupe. Tarehe 24 jioni mteja yuko mlangoni na mkono wa kulia wa nguo haujaunganishwa. Kisha urafiki umeharibika na mashine inafunikwa tena miaka mitatu. Mwambie jirani: njoo baada ya Bonane, yaani Mwaka Mpya.

Desemba ina kitu kingine cha kukupa, nacho ni mabaki. Mafundi wa Nyawera na wa Kadutu wanakata vitambaa usiku na mchana wakati huu, na vipande vinajaa magunia. Nenda uombe, au nunua kwa bei ya salamu, kabla havijatupwa au kuwashiwa moto. Chagua vya pamba tupu. Ukichoma uzi mmoja pembeni, pamba inaacha jivu laini na harufu ya karatasi, nailoni inajikunja na kuacha punje ngumu. Halafu Januari inakupa muda. Mifuko ya watu imekauka, ada za muhula wa pili zinadaiwa, hakuna anayeshonesha. Fundi mwenye ateliye analalamika, lakini kwa mama anayejifunza upya huo ndio mwezi mzuri kuliko yote: hakuna anayekuharakisha, na unaharibu vipande visivyo na mwenyewe.

Kabla ya kushona lolote, iamshe mashine. Vua mkanda unaounganisha gurudumu na kikanyagio, ondoa uzi, sindano na bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Zungusha gurudumu kwa mkono. Likizunguka lakini sindano haishuki, usiogope na usimwite fundi: mara nyingi ile nati kubwa katikati ya gurudumu ililegezwa siku ya mwisho ya kujaza bobini na haikukazwa. Gurudumu likikataa kabisa, sababu ni mbili. Ya kwanza ni uzi uliojisokota nyuma ya kikasha cha bobini. Utoe kwa kibano, kidogo kidogo, usikate kwa wembe. Ya pili ni mafuta ya zamani yaliyoganda, utayaona kama gundi ya kahawia kwenye vitundu. Hapo weka matone machache ya mafuta ya taa kila kitundu, acha usiku kucha, asubuhi zungusha kwa mkono na upanguse uchafu unaotoka. Mafuta ya taa, si esansi (petroli), na mbabula, jiko la makaa, iwe mbali.

Mafuta ya taa yanaosha lakini hayalainishi, kwa hiyo yakishatoka, tia mafuta ya mashine ya kushona, tone moja moja. Mawese hapana, wala mafuta ya kukaangia. Ndiyo yanayogeuka gundi hiyo unayoisafisha leo. Kisha endesha juu ya kitambaa kibovu bila uzi mpaka kisitoke na doa.

Mkanda wa ngozi ukiteleza, umerefuka. Toa kile kikulabu cha chuma kinachounganisha ncha zake, kata sentimita 1, toboa tundu jipya kwa msumari, rudisha kikulabu na ukibane kwa koleo. Ukikata zaidi kwa pupa, kikanyagio kitakuwa kizito na magoti yatalipa.

Sindano nunua mpya. Ya zamani imeshika kutu la mvua zetu hata kama macho hayaoni. Kwa kitenge cha wax namba 14, yaani 90/14, inatosha. Kwa kitambaa chepesi cha mtoto mchanga shuka hadi 11 au 12. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja: upande huo ndiko uzi unakoingilia. Ukiiweka kinyume, mashine itaruka mishono au haitashona kabisa, na wengi huishia kulaumu mashine. Ukisikia inapiga tok-tok kila inapozama, ncha imekufa.

Unapopitisha uzi wa juu, inua kwanza mguu unaobana kitambaa, la sivyo uzi hauingii vizuri kati ya visahani vya kukazia. Ukiona vitanzi chini ya kitambaa, tatizo liko juu. Ukiviona juu, angalia bobini. Hii inawachanganya hata waliosoma miaka miwili. Na gurudumu lianze kuzunguka likija upande wako. Mguu wako uliosahau kazi hukanyaga kinyume, gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Kwa hiyo fanya zoezi la kukanyaga bila uzi juu ya karatasi ya daftari la shule: fuata mistari. Matundu yakinyooka kwenye mstari, mguu umekumbuka.

Kazi ya kwanza iwe ya binti yako, sketi ya lastiki. Haina zipu, haina kola, na haimwaibishi mtu. Chukua mtoto wa miaka 3 mwenye kiuno cha sentimita 52, anayehitaji sketi ya urefu wa 30. Juu ongeza 3.5 kwa njia ya lastiki ya upana wa 2, chini ongeza 4 za upindo: kata 37.5. Kitenge kina upana wa karibu 115, na upana huo wote unakuwa mzunguko wa sketi. Pagne moja, yaani kipande cha kitenge cha yadi 2, ina sentimita 183, hivyo inatoa sketi nne na bado unabaki na zaidi ya 30. Dada wote na mtoto wa jirani wamevaa sare.

Lakini fua kitambaa kwanza na ukianike, pamba inarudi ikilowa. Na kitandike chini utazame ndege au maua yanasimama upande gani. Wakilala ubavu kwa kipimo hicho, kata kwa kufuata urefu wa kitambaa. Utapata vipande vitatu tu, kwa kubanabana, na mikunjo itakuwa mingi hadi uipunguze.

Unganisha ubavu mmoja kwa mshono wa sentimita 1 upate bomba. Kunja juu, shona, lakini acha mlango wa sentimita 4. Lastiki ni kiuno ukitoa 4, kisha uongeze 2 za kupandanisha ncha: hapa ni 50. Ipitishe kwa pini ya kufunga, huku mkia wake umeubana nje kwa pini nyingine, maana ukimezwa ndani unaanza upya. Kabla ya kuunganisha ncha, papasa mzunguko mzima kwa vidole uone kama lastiki imejisokota. Upindo wa 4 unaonekana mpana kwa mtoto mdogo, na ndivyo unavyotakiwa: Noeli ijayo unaufumua unaushusha. Mstari wa zamani utaonekana kidogo. Ufunike kwa utepe wa mabaki.

Kuhusu mtoto na mashine tuwe wakali. Ukimaliza, vua mkanda kwenye gurudumu, kila mara. Mtoto wa miaka 2 anapenda kusukuma kikanyagio kwa mikono, na gurudumu linakamata vidole kabla hujageuka. Pini ziwe 20 kwenye kopo lenye mfuniko, uzihesabu unapofungua na unapofunga. Mtoto akilala, kunja blanketi kuukuu chini ya miguu ya mashine. Kelele nyingi hupita sakafuni.

Na saa unaitoa wapi? Si usiku. Usiku macho yamechoka, mshumaa unadanganya rangi, na nguo iliyoshonwa usiku hufumuliwa asubuhi. Afadhali saa moja ya Jumamosi iliyokubaliwa wazi. Muombe mama mkwe kwa heshima, akiwa ameketi, si ukiwa mbioni: «Mama, nisaidie kumshika mtoto kuanzia saa tatu hadi saa nne, nikushonee kitambaa cha kichwa kwa mabaki.» Timiza hiyo ahadi kwanza. Baba watoto naye aambiwe saa na siku, si «nataka kuanza tena», maana neno la jumla hujibiwa kwa jumla: tutaona.

Wewe mtunzi wa nyimbo, kazi yako ni rahisi zaidi: rekodi sauti kwenye simu ukiwa unafua, ubeti mmoja, na useme tarehe mwanzoni ili usipotelewe. Usiandike noti zozote hadi Jumamosi. Mchoraji, kalamu ya makaa na nyuma ya karatasi za kalenda ya mwaka unaokwisha vinatosha hadi Februari.

Tarehe 1 Januari Wakatoliki wanamwadhimisha Maria Mama wa Mungu, siku ileile tunayopigiana Bonane nyumba kwa nyumba. Ukipita kusalimia, ukamkuta mama ambaye mashine yake imefunikwa, mpelekee sindano mbili za namba 14 na chupa ndogo ya mafuta. Ni zawadi ndogo, na atajua umemaanisha nini.

Noeli njema, Bonane njema kwenu nyote. Wasalimieni bibi na babu, na mpite kwa mafundi wiki hii kabla magunia ya mabaki hayajaondolewa.