Kwa mdogo wangu, kuhusu ile promu

Mdogo wangu,

Mama anasema siku hizi ukipakuliwa unabeba sahani unakwenda kulia chumbani. Simu yangu hupokei. Basi nakuandikia hapa, maana hapa najua unasoma.

Suti ya promu, ile dansi kubwa ya shule za huku Marekani, imekukaa. Ile picha uliyojipiga dukani nilimwonyesha kila mtu kazini, nikawaambia huyu ndiye niliyekuwa nambeba mgongoni kwenye foleni ya unga kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania. Hilo halijabadilika, hata kwa ulivyonisema.

Ila ya siku ile bwaloni hayanitoki. Nilikuwa kwenye kaunta nagawa chakula, unajua pale ninaposimama. Ukaingia na maua na bango la kumwomba yule binti aende promu nawe, wenzako wameshainua simu juu. Ukapiga goti. Mtoto wa watu kashika trei yake, hajui aiweke wapi. Bwalo zima likaanza kugonga meza: sema ndiyo, sema ndiyo! Wewe ulikuwa unaitazama kamera. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Akaangalia mlango, akaangalia chini, halafu akaniangalia mimi, dada yake wa kwaya, kama anayeuliza apite wapi. Ndipo akasema ndiyo, na kwa zile kelele sidhani hata uliisikia. Na alikuwa ameshakukatalia kwa upole kwenye basi la shule. Wewe mwenyewe ulinisimulia!

Kwa hiyo jioni nilipokwenda kwao nikamwambia ana haki ya kubadili jibu, sikukuzunguka. Umeniita msaliti. Ulitaka nifanye nini? Nani mwingine mle ndani aliuona uso wake? Ningenyamaza, ungecheza usiku kucha na mtu anayehesabu saa za kurudi nyumbani. Mimi ni dada yako, siwezi kukutakia hilo.

Ukaniambia mtu wa kambini hajui thamani ya promu. Naijua. Hapa hapa jimboni Georgia, Wilcox County, wazungu na weusi walikuwa na promu tofauti, kila upande na yake, wazazi ndio wanaziandaa, mpaka 2013 wanafunzi wenyewe walipochangisha fedha wakafanya ya pamoja. Wale walihangaika ili kila mtu acheze na anayetaka kucheza naye. Anayetaka, mdogo wangu.

Na hilo la kambini usilidharau. Kaka alipotaka kuoa, baba alimtuma mshenga, mzee mwenye ulimi laini, akaenda jioni akaketi na wakubwa. Nyumba ya kwanza walikataa. Wewe ulijua? Hata mimi nimekuja kuambiwa tukiwa huku Marekani. Kaka aliamka asubuhi akaenda zake, na yule binti akaendelea kuteka maji bombani bila mtu kumnyooshea kidole. Wazee walijua kuuliza kwa namna ambayo mtu anaweza kukataa na kesho mkasalimiana. Wewe ulimuuliza mbele ya shule nzima, halafu unanilaumu mimi kwa aibu uliyoipata.

Video ile iondoe leo. Bado ipo, na watu wanamwandikia yule binti maneno ambayo mama yake anayasoma. Promu nenda na wenzako, suti unayo, na hela ya tiketi nitakupa mimi. Jumapili ukimkuta kwenye kwaya msalimie kwa jina lake kama zamani, usimuulize kitu. Kisha unipigie.

Dada yako