Kabla hujapiga rangi rimu zako mwenyewe

Rimu iliyopigwa rangi vibaya haisubiri mwaka uishe. Inaanza kuchubuka kwenye matundu ya nati, inafuata kwenye ukingo unaogusana na tairi, na siku kijana wa kuosha magari anapoielekezea mpira wa presha, vipande vinabanduka kama maganda ya kitunguu. Lawama huangukia rangi. Lakini kopo lile lile, la bei ile ile, linaweza kudumu miaka kwenye rimu moja na wiki tatu kwenye nyingine. Tofauti ni kilichokuwa chini yake.

Na hapa Dar, kinachokuwa chini yake mara nyingi ni dawa ya tairi. Gari likimaliza kuoshwa, tairi hupakwa kile kimiminika cha kung'arisha, na nyingi ya dawa hizo zina silikoni. Matone hurukia kwenye rimu na kukaa hapo. Sabuni ya unga haiitoi, ya vyombo haiitoi, na petroli huisambaza tu. Rangi ikiangukia juu yake inakimbia pembeni, inaacha vitundu vya duara ambavyo mafundi wanaviita macho ya samaki. Ukiongeza rangi ili kuvifunika, vinazidi kuwa vikubwa. Kwa hiyo kama una mpango wa kufanya kazi hii mwisho wa mwezi, waambie wanaokuoshea gari kuanzia leo: tairi zangu msipake kitu.

Kabla ya kununua chochote, angalia rimu zako ni za aina gani. Za chuma zenye wilikapu na spoti rimu zilizopakwa rangi moja, hizo zinafanyika nyumbani bila shida. Za kromu usiziguse: rangi haishiki juu ya kromu laini, na kromu inayobanduka hukata vidole kama wembe. Zile zenye uso wa metali uliochongwa, wenye mistari myembamba kama sahani ya santuri, nazo zinahitaji mashine. Ukizipiga msasa kwa mkono umeshaua ule mchongo. Na rimu yenye ufa au iliyopinda kwa mashimo ya barabarani haihitaji rangi, inahitaji fundi wa rimu. Kuifunika ufa kwa rangi ni kumficha mwenye gari hatari yake mwenyewe.

Kwa magari yanayolala karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Kunduchi, kuna jambo la ziada. Spoti rimu ni ya aluminiamu, haishiki kutu nyekundu. Ikiliwa na chumvi hutoa unga mweupe na vijistari vinavyotambaa chini ya klia (rangi angavu ya juu kabisa) kama njia za minyoo. (Vile vidoa vyekundu unavyoviona ni vumbi la chuma kutoka kwenye breki.) Unga huo mweupe lazima utolewe mpaka metali ing'ae, na hata sentimita moja kupita pale unapoonekana, la sivyo utaendelea kula chini ya rangi mpya. Usitumie brashi ya waya wa chuma kwa kazi hii. Inaacha chembe za chuma ndani ya aluminiamu, na chembe hizo ndizo zitakazopata kutu baadaye.

Vifaa vya rimu nne za inchi 14 hadi 16: makopo ya mililita 400, mawili ya praima (rangi ya msingi), matatu ya rangi, mawili ya klia. Kwa inchi 17 na kuendelea, au spoku zikiwa nyingi na nyembamba, ongeza kopo moja la rangi na moja la klia. Praima, rangi na klia ziwe za kampuni moja, kwa sababu kimiminika cha rangi moja kinaweza kuyeyusha kilichotangulia. Kama utafika kwenye aluminiamu tupu, ulizia praima inayouma aluminiamu. Ya kawaida juu ya metali tupu inabanduka. Chukua pia msasa wa maji namba 240, 400 na 800, lita moja ya dawa ya kutolea nta na silikoni, nguo safi za pamba, tepu ya karatasi, na pakiti ya karata. Ukikosa kitu mtaani kwenu, maduka ya rangi za magari ya Kariakoo na Ilala unakipata.

Karata ni za kukinga tairi. Punguza upepo kiasi, kisha zichomeke kati ya ukingo wa rimu na mpira, kila moja ikilalia mwenzake kwa theluthi moja. Rimu ya inchi 16 inakula karata kama 35, hivyo pakiti moja inatosha gurudumu moja na kubaki. Juu yake funika tairi kwa gazeti. Ni bora kuliko kubandika tepu kwenye mpira, ambao kwanza haushiki tepu, na pili rangi hupenya chini yake.

Gari lisiachwe juu ya jeki peke yake, wala juu ya matofali ya saruji. Tofali hupasuka ghafla bila dalili. Kama huna stendi za kushikilia gari, fanya gurudumu moja moja huku spea ikiwa imefungwa mahali pake, na gari likae bila kutembea. Itakuchukua siku nne badala ya mbili, lakini gari halitamlalia mtu.

Mpangilio wa usafi ndio watu wengi wanaukosea. Osha kwa sabuni na maji, mbele na nyuma. Lami itoe kwa mafuta ya taa, kisha osha tena kwa sabuni maana mafuta ya taa nayo ni mafuta. Ikikauka, ndipo uje na dawa ya kutolea silikoni, kwa nguo mbili: moja yenye dawa inapita, nyingine kavu inafuata papo hapo kabla dawa haijakauka. Ukiiacha ikauke yenyewe, uchafu unarudi pale pale. Hayo yote yafanyike kabla ya msasa. Ukianza na msasa, unaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo na hutaitoa tena.

Msasa namba 240 ni kwa penye unga mweupe na mikwaruzo ya kuparuza ukingo wa barabara. Kwingineko anza na 400, kwa maji, mpaka mng'ao wote ufe. Kona za spoku zinaingilika kwa kile kitambaa cha kijani cha kusugulia masufuria. Ukimwagia maji na sehemu fulani bado inang'aa, hapo hapajaguswa na hapo ndipo rangi itaanza kutoka. Kausha, pitisha dawa ya kutolea silikoni mara ya pili, na kuanzia hapo usiishike rimu kwa mkono mtupu.

Sasa matundu ya nati. Hapa tunaomba usome polepole. Nati hukaa kwenye kikombe chenye mteremko, metali kwa metali, na mgongo wa rimu hulala kwenye habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) vivyo hivyo. Ukipaka rangi sehemu hizo mbili, nati inakaza rangi. Gari likitembea na breki zikipata moto, rangi inasagika, unene wake unaondoka, na nati iliyokuwa imekaza inabaki imelegea bila mtu kuigusa. Kwa hiyo ziba vikombe vya nati kwa karatasi iliyokunjwa au tepu, na mgongo unaogusa habu usipulizwe kabisa. Kama kuna rangi iliyoingia, itoe yote kabla ya kufunga. Mdomo wa kujazia upepo nao uvalishe tepu.

Kuhusu hali ya hewa, Dar haikusaidii. Rangi ya kopo hukauka kwa kimiminika chake kuruka haraka, na kikiruka kinapoza uso wa rimu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji yanatua kwenye rangi mbichi na inageuka nyeupe kama imechanganywa na maziwa. Masika, Machi hadi Mei, acha kazi hii kama unaweza. Juni hadi Septemba ndio wakati wake. Kwa siku, saa nne asubuhi hadi saa saba: umande umeshakauka na upepo wa bahari haujachanganya. Fanya kivulini. Rimu iliyokaa juani rangi inakauka kabla haijajitandaza, na uso unakuwa kama ganda la chungwa. Ukiweka kiganja na kikataka kuondoka, rimu ni ya moto mno. Ardhi ya mchanga nyunyizia maji kidogo ili vumbi lilale. Na tazama kamba ya jirani: vumbi la rangi husafiri mita kadhaa, na shuka nyeupe haisahau. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Vaa yenye kichujio cha kaboni.

Laza gurudumu juu ya ndoo ya lita 20 iliyopinduliwa, uweze kulizungusha. Tikisa kopo dakika mbili kamili tangu uanze kusikia gololi. Umbali ni shibiri moja, mkono uanze kupita kabla ya kubonyeza na uachie baada ya kuvuka rimu. Piga kwanza mbavu za spoku, kisha uso. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, uwe ukungu tu, praima ionekane chini yake; subiri dakika 10 hadi 15; mkono wa pili na wa tatu ndio wa kufunika. Praima mikono miwili, ikikauka ipitishe msasa 800 kwa maji, iache ikauke kabisa, rangi mitatu, klia mikono miwili hadi mitatu.

Ikitiririka, usiiguse. Kidole hapo kinageuza dosari ya dakika kumi kuwa kazi ya siku nzima. Kesho yake msasa 800, kisha rangi tena. Ikikunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, ulirudia rangi katika muda usiofaa: makopo mengi yanataka urudie ndani ya saa moja au usubiri siku nzima au zaidi, na muda wenyewe umeandikwa ubavuni. Iliyokunjamana haiokoki, inakwanguliwa.

Usifunge gurudumu kabla ya saa 24. Kukiwa na unyevu, 48. Kaza nati kwa kuruka, ya mbele kisha ya upande wa pili, kwa spana yenye kipimo: kwa Toyota ndogo nyingi kama IST na Vitz ni Nm 103. Rudi uzipime baada ya kilomita 50, na tena baada ya 100. Rudisha upepo uliopunguza. Wiki mbili za kwanza ni maji na sabuni laini tu, hakuna presha. Na siku zote klia ya kopo huyeyuka kwa petroli na mafuta ya breki, hivyo ukimwagikiwa futa na osha papo hapo. Ukitaka inayohimili hayo, hiyo ni rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri, na tairi lazima litolewe kwanza. Kwa kazi hiyo, tuletee karakana.

Kopo lililobaki, lipindue kichwa chini ulipulize mpaka itoke hewa tupu, ili mdomo usizibe, na usilisahau ndani ya gari lililoegeshwa juani. Mwisho wake ni nyuzi 50, na ndani ya gari lililofungwa mchana wa Januari zinafikiwa.